Nyimbo Zote Zisikike Sawa: Ushauri kwa Wenye Flashi, Simu na Mitambo ya Muziki

Swali hili halikomi. Huulizwa na makanga wa njia ya Embu na Meru, na walimu wa kwaya kule Nkubu, na vijana wa Runyenjes wanaokodisha mitambo ya muziki, na wanafunzi wa Chuka na Nchiru wanaosikiliza kwa simu. Kwa nini wimbo mmoja unanong'ona na unaofuata unalipuka? Unapandisha sauti ili uisikie kwaya ya zamani iliyotolewa kwenye kanda. Dakika nne baadaye wimbo mpya wa mugithi unaingia, spika zinakwaruza, na mzee aliyeketi karibu nazo anaziba masikio.

Tatizo hili lina dawa, na huna haja ya kununua kifaa kipya. Unachohitaji ni kompyuta, hata ya kuazima, programu ya bure na jioni moja ya kazi. Makala haya yanakuonyesha hatua kwa hatua, pamoja na makosa yanayowaharibia watu nyimbo zao.

## Kwa nini ujisumbue?

Wapo wanaosema hili ni jambo dogo, kwamba kitufe cha sauti kipo na mkono upo. Fikiria haya:

- Barabara. Kutoka Embu hadi Meru kuna kona, miteremko na mabonde mengi. Kwenye daraja la Nithi peke yake watu wengi wamepoteza maisha. Dereva hafai kutoa mkono kwenye usukani akipapasa redio kila wimbo unapobadilika.
- Spika. Spika nyingi hazifi kwa kazi ya siku nzima. Huungua pale wimbo mkali unapoingia ghafla wakati amplifaya imeachwa juu kwa ajili ya wimbo dhaifu.
- Masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua haraka. Anayepandisha sauti kwa ajili ya wimbo dhaifu akasahau kuishusha huumiza masikio bila kujua.
- Majirani. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Mara nyingi majirani huvumilia muziki unaokwenda sawa, na lalamiko huja pale wimbo mmoja unaporuka juu ya mingine usiku.

## Tofauti inatoka wapi

Ukijua asili ya wimbo utajua mapema utakavyokusumbua.

1. Kanda na santuri. Nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 zilizohamishiwa kwenye kompyuta mara nyingi zina sauti ndogo na mvumo nyuma yake.
2. Studio za sasa. Wimbo mpya hubanwa ili hata sehemu za chini zisikike kwa nguvu. Ndiyo maana unaipiga kumbo kwaya ya zamani.
3. Rekodi za redio. Vituo vya redio kwa kawaida hupitisha nyimbo kwenye mtambo unaobana na kusawazisha sauti kabla ya kwenda hewani. Ndiyo sababu ukisikiliza Muuga FM au Wimwaro FM husikii wimbo ukiruka juu ya mwenzake. Wimbo uleule ukiurekodi redioni hautalingana na ule wa CD.
4. YouTube na WhatsApp. Kila aliyepakia aliweka sauti alivyotaka. Wimbo mmoja unaweza kuwa nao mara tatu kwenye flashi, na kila nakala ina nguvu yake.
5. Rekodi za papo hapo. Mwimbaji na gitaa lake moja, akirekodiwa kwa simu ukumbini, hutoa sauti inayopanda na kushuka ndani ya wimbo huohuo.

## Kanuni ya kushika kwanza

Ukisahau mengine yote, shika hili: shusha nyimbo kali zifuate zile za wastani, usipandishe nyimbo dhaifu zifukuze zile kali.

Faili ya sauti ina dari. Wimbo ukisukumwa juu ya dari hiyo, vilele vya mawimbi hukatwa, na unasikia mkwaruzo hasa kwenye ngoma na sauti za juu za waimbaji. Kushusha hakuna hatari ya namna hiyo. Nyimbo zote zikishalingana chini kidogo, nguvu unayoitaka itoke kwenye amplifaya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Jambo la pili: usipime kwa kilele. Programu nyingi zina chaguo la kulinganisha vilele, yaani kuhakikisha sehemu kali kuliko zote katika kila wimbo inafika kiwango kimoja. Njia hiyo haisaidii. Kwaya inaweza kuwa na pigo moja la kigoma linalogusa dari huku dakika nne zilizobaki ziko chini. Kinachotakiwa ni kupima nguvu ya wimbo mzima jinsi sikio linavyousikia. Ni sawa na kupima maharagwe yote kwa gorogoro moja badala ya kutazama punje kubwa kuliko zote.

Vipimo viwili vitakutosha. Tofauti ya desibeli 1 ni vigumu kuisikia wimbo ukibadilika. Tofauti ya desibeli 10 sikio huihesabu kama sauti iliyoongezeka karibu mara mbili.

## Chagua njia kulingana na unachopigia

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kuna njia mbili za kusawazisha, nazo hazifai mahali pamoja.

Njia ya kwanza: kuandika lebo. Programu inapima wimbo, kisha inaandika ndani ya faili kwamba ukipigwa ushushwe kiasi fulani. Sauti yenyewe haiguswi. Mfumo huu unaitwa ReplayGain, na ulipendekezwa na David Robinson mwaka 2001. Kasoro yake ni kwamba kinachopiga wimbo lazima kijue kuisoma lebo hiyo.

Njia ya pili: kubadilisha faili yenyewe. Programu inaingia ndani ya MP3 na kubadilisha namba inayoamua nguvu ya kila kipande cha wimbo. Baada ya hapo, chombo chochote kitapiga wimbo huo katika kiwango kipya.

Basi chagua hivi:

- Redio ya gari, matatu, sabufa ya nyumbani, spika ya flashi: njia ya pili. Redio nyingi za aina hii hazisomi lebo kabisa.
- Simu na kompyuta: njia ya kwanza inatosha, mradi programu ya muziki inasoma lebo.
- Deejay mwenye laptopu: tumia usawazishaji uliomo ndani ya programu yako.
- Spotify, Apple Music: kinachohitajika ni kuwasha mpangilio tu. Maelezo yako mbele.

## Kabla hujagusa wimbo wowote

1. Nakili flashi nzima kwenye kompyuta. Usifanye kazi moja kwa moja ndani ya flashi. Ni polepole, na umeme ukipotea katikati, au mtu akiichomoa, unaweza kuharibu faili.
2. Weka nakala ya akiba. Folda moja ya asili isiguswe. Kama una rekodi ya kwaya ya parokia au ya marehemu mzee wa familia akiimba, hiyo huenda ikawa nakala pekee duniani.
3. Ondoa nakala za ziada. Wimbo ukiwa nao mara tatu, sikiliza zote, bakiza ile safi zaidi. Usibakize iliyo kali zaidi kwa sababu tu ni kali.
4. Tenga aina. Nyimbo za kawaida folda yake, albamu za kwaya folda yake, mahubiri na hotuba folda yake, michanganyiko ya saa nzima ya madeejay folda yake.
5. Tazama majina ya faili. Ukiwa na nyimbo za Kimeru, Kiembu au Gikuyu zenye herufi kama ĩ na ũ kwenye jina la faili, programu za zamani zinaweza kukwama. Andika i na u za kawaida kwenye jina la faili. Jina sahihi libaki ndani ya maelezo ya wimbo.
6. Kagua virusi. Flashi zinazozunguka kutoka duka hadi duka hubeba mengi zaidi ya muziki.

## Hatua kwa hatua: flashi ya gari au ya spika

Programu inayofaa hapa ni MP3Gain. Ni ya bure, hutumika kwenye Windows, na hata kompyuta kuukuu inaiweza. Ipakue kutoka SourceForge, mahali mradi wenyewe ulipo, si kwenye tovuti yoyote inayokuahidi toleo bora zaidi.

1. Fungua programu, kisha ongeza folda ya nyimbo ulizonakili. Orodha itajitokeza.
2. Tazama kisanduku cha kiwango lengwa. Kimewekwa desibeli 89. Kiache hapo.
3. Bofya Track Analysis. Programu itapima kila wimbo. Nyimbo zikiwa mamia na kompyuta ikiwa ya zamani, iache ifanye kazi wewe ukiendelea na mengine.
4. Soma matokeo. Safu moja inaonyesha nguvu ya wimbo ulivyo sasa, nyingine inaonyesha utakavyobadilishwa.
5. Angalia nyimbo zenye alama ya kukatwa vilele. Zipo za aina mbili. Wimbo mkali wenye alama sasa utapumua ukishushwa. Wimbo dhaifu utakaopata alama *baada ya* kupandishwa uondoe kwenye orodha, au uupandishe kidogo tu, kabla haujafika kwenye mkwaruzo.
6. Bofya Track Gain. Programu inaandika mabadiliko.
7. Sikiliza nyimbo chache kwa kuruka: wa zamani, mpya, wa zamani, mpya. Sikio ndilo hakimu.
8. Futa flashi, kisha rudisha nyimbo zilizosawazishwa. Iwe katika mfumo wa FAT32, kwa kuwa redio nyingi za magari hazisomi mifumo mingine. Itoe kompyutani kwa utaratibu, usiichomoe tu.

### Tuone mfano

Tuseme una nyimbo mbili za ruracio, yaani sherehe ya mahari. Wa kwanza ni wa kwaya, umetoka kwenye kanda, na programu inasema una desibeli 84. Wa pili ni wa densi, umetoka studio mwaka huu, na una 97. Tofauti ni desibeli 13. Kwa sikio, wa pili una nguvu zaidi ya mara mbili ya wa kwanza.

MP3Gain haiwezi kubadilisha sauti kwa kiasi chochote kile. Inakwenda kwa hatua za desibeli 1.5. Basi:

- Wimbo wa kwaya unahitaji kupanda 5. Hatua tatu ni 4.5. Unafika 88.5.
- Wimbo wa densi unahitaji kushuka 8. Hatua tano ni 7.5. Unafika 89.5.

Tofauti iliyobaki ni desibeli 1. Umati ulio chini ya hema hautaisikia. Na ona kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa kwa kuushusha ule mkali.

## Simu na kompyuta

Kwenye kompyuta ya Windows, foobar2000 hufanya kazi nzuri, nayo ni ya bure. Inashughulikia MP3 na pia faili za aina nyingine kama FLAC na M4A, ambazo MP3Gain haizigusi.

1. Chagua nyimbo, bofya kwa kitufe cha kulia, nenda ReplayGain, kisha uagize ipime kila wimbo peke yake.
2. Kubali ihifadhi matokeo. Hapo lebo zimeandikwa.
3. Nakili nyimbo kwenye simu.
4. Kwenye Android, tumia kipiga muziki kinachosoma lebo hizo. Poweramp inasoma, na foobar2000 ya simu pia inasoma. Ingia kwenye mipangilio uwashe ReplayGain.
5. VLC ya kompyuta nayo inasoma, lakini lazima uwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya sauti.

Ukiona hakuna kilichobadilika, sababu ni moja kati ya mbili: kipiga muziki hakisomi lebo, au hujawasha mpangilio. Wimbo wenyewe hauna kosa.

Kwa wanaosikiliza moja kwa moja mtandaoni:

- Spotify ina chaguo la kusawazisha sauti kwenye mipangilio, lenye ngazi tatu. Chagua ya kati. Ile ya juu kabisa inaweza kubana nyimbo zenye sauti pana.
- Apple Music inaliita Sound Check. Liwashe.
- YouTube hushusha zile kali lakini haipandishi zile dhaifu. Kwa hiyo rekodi ya zamani mara nyingi itaendelea kuwa chini.

## Deejay na wenye mitambo

Kama unapiga kwa laptopu, usibadilishe faili zako. Mixxx, ambayo ni ya bure, hupima nyimbo na kuzisawazisha wakati wa kupiga. VirtualDJ na Serato pia zina usawazishaji wao wa ndani.

- Pima maktaba yote nyumbani kabla ya shughuli. Wimbo ambao haujapimwa ukiuingiza hewani, kompyuta inaweza kuanza kuupima huku watu wanacheza, na sauti ikabadilika katikati.
- Hakikisha usawazishaji umewashwa kwenye mipangilio. Usidhani umewashwa.
- Usiguse tena kitufe cha gain cha kila upande kwenye mikisa bila sababu. Programu imeshafanya kazi hiyo.
- Taa nyekundu za mikisa zisiwake. Ukitaka nguvu zaidi, pandisha amplifaya au ongeza spika.

## Kwaya, kanda na mahubiri

Sehemu hii nawaandikia hasa walimu wa kwaya na watunza kumbukumbu za makanisa. Kuanzia Kaaga hadi Chogoria hadi Kigari kuna kanda kwenye masanduku, na kila mwaka nyingine zinaharibika kwa unyevu na fangasi. Ukizihamisha vizuri leo, kazi ya kusawazisha itakuwa nyepesi kesho.

1. Unganisha tundu la headphone la redio ya kanda na tundu la kuingiza sauti la kompyuta kwa waya wa milimita 3.5. Kama kompyuta ina tundu la maikrofoni tu, jihadhari: mengi huchukua upande mmoja wa sauti, na sauti huingia ikiwa imezidi nguvu.
2. Fungua Audacity, ambayo ni ya bure. Rekodi ukihakikisha vilele vinabaki angalau desibeli 6 chini ya dari. Ukirekodi sauti iliyokatwa, hakuna programu itakayoirudisha.
3. Punguza mvumo kwanza. Ukisawazisha kabla, unaupandisha mvumo pamoja na kwaya. Punguza kwa kiasi. Ukizidisha, sauti za waimbaji hubaki kama zinatoka ndani ya maji.
4. Tumia chaguo la Loudness Normalization, uweke LUFS 18 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha nguvu ya wimbo mzima). Kiwango hiki kinakaribiana na zile desibeli 89 za MP3Gain, kwa hiyo rekodi zako zitakaa pamoja na nyimbo nyingine.
5. Hifadhi nakala moja ya WAV kwa kumbukumbu, na nyingine ya MP3 kwa kusikiliza.

Albamu isawazishwe kama albamu. Kwaya ikirekodi misa nzima, wimbo wa kutubu uliwekwa chini kwa makusudi na wa utukufu ukapandishwa kwa makusudi. Ukisawazisha kila wimbo peke yake unaua mpangilio huo. Tumia Album Gain katika MP3Gain, au upimaji wa albamu katika foobar2000. Albamu nzima itapanda au kushuka kwa pamoja, na tofauti za ndani zitabaki.

Mahubiri na hotuba ni jambo jingine. Msemaji hunong'ona, kisha hupaza. Kusawazisha faili nzima hakutasaidia, kwa sababu tofauti imo ndani ya faili. Hapo unahitaji kifaa cha kubana sauti katika Audacity, kwa kiasi kidogo. Ni hivyo hivyo kwa mchanganyiko wa deejay wa saa nzima: wote ni faili moja, na programu itaupandisha au kuushusha wote bila kuona mapengo ya ndani.

## Makosa yanayorudiwa kila mara

- Kuweka lengo kubwa mno. Mtu anaona desibeli 89 ni ndogo, anaandika 100. Anarudi na flashi inayokwaruza. Ukiona 89 ni chini mno kwa spika ndogo isiyo na nguvu, nenda 92, na uangalie alama za kukatwa vilele. Usizidi hapo.
- Kudhani 89 ni sauti itakayotoka kwenye spika. Sivyo. Ni kipimo cha ndani cha programu. Sauti ya chumbani inaamuliwa na kitufe chako.
- Kuhifadhi MP3 upya mara kwa mara. Kila unapoifungua MP3 katika Audacity na kuihifadhi tena kama MP3, unapoteza ubora kidogo. MP3Gain haifanyi hivyo. Inabadilisha namba ya nguvu tu, bila kuibana sauti upya.
- Kusawazisha mara mbili. Umeandika lebo kwa programu moja, kisha umebadilisha faili kwa nyingine. Simu inaposoma lebo ya zamani inaushusha tena wimbo ulioshushwa tayari. Ukishabadilisha faili, pima upya.
- Kuacha vitufe vya besi vimewashwa. Besi ikiwa imepandishwa hadi mwisho, nyimbo zenye ngoma nzito zitasikika kali zaidi hata kama zimelingana. Rudisha besi na treble katikati kwanza, kisha uamue kama bado kuna tatizo.
- Kusahau nyimbo mpya. Umesawazisha mia tano, kesho unaongeza kumi kutoka WhatsApp bila kuzipima. Hizo kumi ndizo zitakazoruka. Weka folda ya "mpya" na uipime kabla haijaingia kwenye flashi.
- Kutoangalia matangazo. Nyimbo nyingine za kupakua huja na tangazo mwanzoni. Programu hulipima pamoja na wimbo, na hulipandisha au kulishusha pamoja nao. Tangazo likiwa kali, litabaki kali.

## Mashaka mnayonayo

"Nyimbo zangu zitapoteza ladha." Ukitumia MP3Gain au lebo, kilichobadilika ni nguvu tu. Besi, gitaa na sauti za waimbaji viko vilevile. Unaona wimbo umepungua ladha kwa sababu sikio hupenda kilicho juu zaidi. Pandisha kitufe ulinganishe tena.

"Gari langu litasikika dogo kuliko matatu mengine." Kitufe cha redio unacho. Kilikuwa kikifika 15, sasa kitafika 22. Sauti itakuwa ile ile, ila haitakurukia.

"Na nikijuta?" MP3Gain huandika ndani ya faili kumbukumbu ya ilichofanya, na ina chaguo la kurudisha wimbo ulivyokuwa. Lakini usitegemee hilo peke yake. Nakala ya akiba ndiyo kinga.

"Nina simu tu, sina kompyuta." Kuna njia mbili. Ya kwanza, omba saa chache kwenye saiba au kwa rafiki, uende na nyimbo zako. Ya pili, mwambie mwenye duka anayekujazia nyimbo kwenye flashi azisawazishe kabla ya kukupa. Wenye maduka ya Embu na Makutano, hii ni huduma mnayoweza kuongeza bila gharama, na mteja atarudi.

"Wimbo wangu bado unakwaruza hata baada ya kuushusha." Basi ulikatwa studio au kwenye kupakiwa. Kushusha hakuondoi jeraha hilo. Tafuta nakala nyingine, ikiwezekana nunua ya mwimbaji mwenyewe.

"Kwa nini nyimbo mbili zenye namba moja bado hazilingani kwangu?" Sauti nyembamba ya mwimbaji wa juu hupenya zaidi ya besi. Spika ndogo haitoi besi kabisa, kwa hiyo wimbo unaotegemea besi utaonekana dhaifu. Rekebisha nyimbo hizo chache kwa mkono, hatua moja ya desibeli 1.5 kwa wakati.

## Siku ya shughuli

Kama nyimbo zako zitapigwa kwenye harusi, ruracio, mazishi au sherehe za vijana wa Desemba, pitia orodha hii:

- Nyimbo zote zimepimwa, pamoja na zile ulizoongeza jana.
- Una flashi ya pili yenye nyimbo zilezile.
- Besi na treble ziko katikati unapoanza.
- Umejaribu wimbo dhaifu kuliko wote na mkali kuliko wote, mmoja baada ya mwingine, kabla ya wageni kufika.
- Umesimama mbali na spika, mahali wageni watakapoketi, ukasikiliza kutoka pale.
- Wanaopiga muziki wameambiwa wasiguse sauti kuu bila sababu.
- Wazee na watoto hawakuwekwa mbele ya spika.

## Anza na folda moja

Usianze na nyimbo elfu mbili. Chagua folda unayoipiga mara nyingi zaidi, iwekee nakala ya akiba, ipime kwa desibeli 89, isikilize siku moja barabarani au nyumbani. Ukiridhika, endelea na nyingine.

Na ukishajua, mfundishe anayepiga muziki kanisani kwenu, na dereva unayepanda gari lake kila asubuhi. Wanamuziki wetu walitoka jasho kuandika nyimbo hizi. Wa kanda ya 1985 na wa studio ya mwaka huu wote wanastahili kusikika bila mmoja kumfunika mwenzake.